Lumumba katika Mwezi wa Historia ya Watu Weusi: uchambuzi wa kisa cha darasa moja la sekondari Marekani

Mazingira

Kisa hiki kilitokea kwenye shule ya sekondari ya umma katika mji mmoja wa katikati ya Marekani. Majina ya mji, shule na wahusika nimeyaondoa, na mambo madogomadogo nimeyabadilisha ili familia zisitambulike. Kijana mmoja nitamwita M, na binti mmoja nitamwita T. Mimi nilikuwa mwalimu msaidizi wa lugha. Naingia kwenye vipindi vya walimu wengine, nakaa na wanafunzi wanaozungumza Kiswahili, nawafafanulia somo, na kuwasiliana na wazazi wao ni kazi yangu.

Lilikuwa darasa la 11, somo la historia ya Marekani, wanafunzi 26. Karibu nusu yao walikuwa Wamarekani Weusi ambao familia zao ziko mjini hapo tangu mababu walipotoka majimbo ya Kusini kufuata kazi za viwandani. Waliobaki walikuwa Wazungu, Walatino, na watano wa familia za wakimbizi kutoka Kongo na Burundi. Watano hao wote walipitia Tanzania. M alizaliwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, Kigoma, baada ya vita kuwavusha watu wa Kivu Kusini Ziwa Tanganyika. Shule za Wakongo kambini hufuata mtaala wa kwao, kwa hiyo M alifika Marekani akiwa amesoma historia kwa Kifaransa na Kiswahili. Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, alimjua kabla hajamsikia Martin Luther King, kiongozi wa harakati za haki za Wamarekani Weusi.

Shule hiyo, kama shule nyingi za Marekani, huadhimisha Mwezi wa Historia ya Watu Weusi kila Februari. Aliyeupanda mti huu ni Carter G. Woodson, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, aliyechimba makaa ya mawe West Virginia na kuanza sekondari akiwa na miaka 20, kisha akasoma mpaka akapata shahada ya uzamivu Harvard mwaka 1912. Mwaka 1926 alianzisha wiki ya historia ya watu Weusi. Aliiweka wiki ya pili ya Februari kwa sababu watu wake tayari walikuwa wakikumbuka siku mbili za wiki hiyo: tarehe 12, siku ya kuzaliwa Abraham Lincoln, na tarehe 14, siku ambayo Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa mpinga utumwa mashuhuri, aliichagua kuwa yake ya kuzaliwa, maana mtumwa hakuandikiwa tarehe. Baadaye wiki ikawa mwezi, na mwaka 1976 Rais Gerald Ford akautambua.

Kazi ya darasani ilikuwa ileile miaka nenda miaka rudi. Kila mwanafunzi anachagua mtu Mweusi anayempa moyo, anatengeneza bango, anasimama dakika tatu kumsifu. Mabango yanabandikwa kwenye ukuta wa kuelekea bwalo, na Machi ikiingia yanabanduliwa.

Mabango ya mwaka uliotangulia

Mwalimu wa somo, mwanamke Mmarekani Mweusi aliyefundisha miaka mingi, alikuwa amepiga picha ukuta wa mwaka uliotangulia. Alituonyesha kwenye kikao cha Januari, na hapo ndipo kisa chenyewe kinapoanzia, kwa sababu picha zile zilimuudhi.

King alikuwa juu ya robo nzima ya ukuta. Rosa Parks alifuata. Mabango mengi ya Parks yalisema kitu kimoja: mshonaji aliyechoka baada ya kazi, akakataa kuinuka kwenye kiti cha basi kumpisha Mzungu. Bango moja lilikuwa na picha iliyochukuliwa kwenye intaneti ikiwa bado na alama ya mwenye picha katikati ya uso wake. Mwanafunzi hakuiona, au aliiona na haikumsumbua.

Mwalimu alisema maneno ambayo niliyaandika: "Hii si heshima. Hii ni picha ya pasipoti." Na kweli. Parks alikuwa na miaka 42 siku ile ya Desemba 1, 1955. Alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, mjini Montgomery, Alabama, tangu 1943, amefuatilia kesi za wanawake Weusi waliobakwa na Wazungu, na kiangazi cha mwaka uleule alikwenda Highlander, Tennessee, kwenye mafunzo ya watu waliojipanga kupambana na ubaguzi. Mtoto wa miaka 16 akiambiwa mama yule alichoka miguu tu, anafundishwa kwamba mambo makubwa hutokea kwa bahati. Akiambiwa alijiandaa miaka 12, anafundishwa kitu anachoweza kukifanya.

Mzozo

Wiki ya mwisho ya Januari wanafunzi walichagua majina. Mwalimu alizunguka na karatasi. T, binti Mmarekani Mweusi mwenye alama nzuri na sauti ya kusikika, alimchagua mshairi Maya Angelou. M aliandika: Patrice Lumumba.

T alikuwa amekaa mbele yake. Aligeuka, akasoma, akasema huyo hafai kwa sababu si historia ya watu Weusi, ni historia ya Afrika. M hakujibu. Kijana mwingine akacheka. T akaendelea, na hakuwa akimwambia M tena, alikuwa akimwambia mwalimu: mwaka mzima wanasoma habari za watu wengine, wao wanapewa siku ishirini na nane, na sasa hizo nazo wazigawe na bara zima?

M alifunga daftari. Kengele ilipolia alinifuata kwenye korido akaniambia kwa Kiswahili: "Mwalimu, kule nje mimi ni mweusi. Dukani wananifuata nyumanyuma. Humu ndani naambiwa mimi si mweusi wa kutosha. Sasa niwe nani?"

Nataka msomaji asiharakishe kumpa mmoja wao haki yote. T alikuwa na hoja. Historia ya watu wake kwenye kitabu cha darasa hilo ilikuwa sura tatu, na aliyekuwa akiilinda Februari alikuwa akilinda kitu kidogo alichopewa. M naye alikuwa na hoja. Kiongozi aliyempa moyo tangu utotoni alikuwa amekataliwa mbele ya watu kwa kuwa alizaliwa upande usiotakiwa wa bahari. Kijana aliyecheka hakuwa na hoja yoyote, na mwalimu alimwita pembeni siku hiyohiyo.

Kesho yake M aliandika jina jipya: Martin Luther King. Kalamu ilikuwa imekandamizwa hadi karatasi ikatoboka.

Tulichoamua na kwa nini

Tulikaa watatu: mwalimu wa somo, mkutubi wa shule, na mimi. Njia mbili rahisi zilikuwa mezani. Ya kwanza ilikuwa kumruhusu M na kumwambia T anyamaze. Ya pili ilikuwa kumwambia M kwamba Februari ni ya Marekani na atapata nafasi ya Lumumba siku nyingine. Ya kwanza ingemfanya T ashindwe hadharani kwa jambo lenye uzito. Ya pili ingehalalisha kicheko.

Mwalimu alichukua njia ya tatu: akabadilisha kazi yenyewe kwa darasa zima. Masharti yalikuwa haya.

Sharti la kwanza, na ndilo lililobeba mengine: badala ya maisha yote ya mtu, mwanafunzi achague siku moja ambayo mtu huyo alifanya uamuzi. Aeleze alikuwa wapi, alikuwa na umri gani, angeweza kupoteza nini. Tuliamini kwamba sifa za jumla ndizo zinazoleta uvivu. Mtu akiambiwa "mwelezee Douglass" anaandika kwamba alikuwa jasiri. Akiambiwa "mwelezee Septemba 3, 1838, siku aliyopanda treni Baltimore amevaa kibaharia, na hati mkononi si yake", hana budi kusoma.

Sharti la pili: ataje angalau watu wawili waliokuwa naye katika uamuzi huo. Hakuna shujaa wa peke yake.

Sharti la tatu: aonyeshe uamuzi huo ulifika wapi nje ya mji au nchi ulikofanyika. Hapa tulibishana. Mkutubi alipendekeza kwamba atakayechagua Mwafrika ndiye aonyeshe uhusiano na Marekani. Mwalimu alikataa katakata. Alisema hatamtoza M ushuru wa mpakani ambao wengine hawautozwi. Basi sharti likawa la wote: aliyechagua mtu wa Alabama naye aonyeshe habari zake zilifika wapi. Naliona kuwa uamuzi bora kuliko yote yaliyofanyika mwezi ule.

Sharti la nne lilihusu namna ya kusimama mbele. Miaka ya nyuma wanafunzi waliruhusiwa kuigiza: "Mimi ni Harriet Tubman", yule mtumwa aliyetoroka kisha akawatorosha wengine. Shule nyingine zimepata aibu kubwa kwa watoto wa Kizungu kujipaka rangi nyeusi usoni kwa kisingizio cha heshima, kwa hiyo vazi la kubadilisha ngozi lilikatazwa bila mjadala. Lakini mwalimu alikwenda mbali zaidi, akakataza kabisa kusema "mimi ni". Wote waseme "yeye".

Katazo hili lilimuumiza binti mmoja Mweusi aliyejiandaa kuisema hotuba ya Sojourner Truth, mtumwa wa zamani aliyetetea haki za Weusi na za wanawake, ya Akron, Ohio, 1851, kwa lafudhi nzito ya Kusini. Mwalimu alimpa nakala mbili za hotuba hiyo aende nazo nyumbani. Moja ilichapishwa gazetini wiki chache baada ya mkutano. Nyingine, yenye kibwagizo maarufu "Je, mimi si mwanamke?" na lafudhi ya Kusini, ilichapishwa na Frances Gage mwaka 1863, miaka 12 baadaye. Truth alizaliwa jimbo la New York, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi. Lafudhi ile walimvika wengine. Binti alirudi na hasira mpya, hasira nzuri, na akabadilisha kazi yake yote ikawa juu ya nani aliandika maneno ya Truth na kwa nini aliyaandika hivyo.

Uamuzi wa mwisho ulimhusu M peke yake. Nilizungumza naye kwa Kiswahili, bila mwalimu, nikamuuliza kama anataka kweli kumfanya King. Aliniambia King ni mtu mkubwa, lakini hamjui. "Lumumba babu yangu alimsikia redioni, baba ananisimulia." Nikamweleza masharti mapya na kwamba karatasi yake ya kwanza ilikuwa bado ipo. Aliifikiria siku mbili, kisha akarudi kwa Lumumba.

Jinsi T alivyofika Februari 15

T alianza kwa kutafuta siku moja ya Maya Angelou. Alichagua ile ambayo kila mtu huichagua, Januari 20, 1993, aliposoma shairi kwenye kuapishwa kwa Rais Clinton. Mwalimu alimrudisha: siku hiyo alikuwa tayari anajulikana dunia nzima, angepoteza nini? Tafuta siku kabla hajawa mtu maarufu.

T alikaa maktaba vipindi kadhaa, na mkutubi alimfungulia hifadhi ya magazeti ya zamani. Hapo alikutana na Februari 15, 1961. Siku mbili kabla, dunia ilikuwa imetangaziwa kwamba Lumumba ameuawa. Ukweli ni kwamba alikuwa amepigwa risasi Katanga usiku wa Januari 17, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Mjini New York, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa kikaoni na balozi wa Marekani, Adlai Stevenson, alikuwa akizungumza. Kwenye viti vya wageni waliinuka Wamarekani Weusi wapatao sitini wakapiga kelele za kumlilia Lumumba. Wanawake walikuwa wamejifunika shela nyeusi za msiba. Walinzi wakawavamia, wakapigana, wakatolewa nje. Miongoni mwa waliopanga maandamano yale walikuwa Maya Angelou, mwimbaji Abbey Lincoln na mwandishi Rosa Guy. Angelou alikuwa na miaka 32, na kitabu chake cha kwanza kilikuwa bado miaka minane mbele.

Mkutubi anasema T alisoma ukurasa ule, akauliza swali moja tu: "Huyu ni yuleyule wa M?"

Alimfuata M bwaloni. Sikuwepo, na waliyozungumza sijaambiwa na yeyote kati yao. Ninachojua ni kwamba siku iliyofuata walimwomba mwalimu kufanya kazi moja kwa pamoja, kuanzia Juni 30, 1960 hadi Februari 15, 1961.

Siku ya maonyesho

Maonyesho yalifanyika maktaba, jioni, wazazi wakiwa wamealikwa. Tulituma barua kwa Kiingereza, Kihispania na Kiswahili, na familia za Kiswahili nikazipigia simu moja moja kwa sababu barua za shule huishia mkobani.

M alianza. Karatasi yake ilikuwa na tarehe zilizoandikwa kwa Kifaransa kwa wino wa buluu, na Kiingereza juu yake kwa penseli. Alieleza ukumbi wa Léopoldville (Kinshasa ya leo), siku ya uhuru. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alisimama akamsifu Léopold wa Pili, mtu ambaye chini ya utawala wake Wakongo walikatwa mikono kwa ajili ya zao la mpira. Rais Kasavubu akajibu kwa upole. Kisha Waziri Mkuu, mwenye miaka 34, ambaye hakuwa kwenye ratiba ya kuzungumza, akasimama na kuyataja matusi, vipigo na kazi za shuruti mbele ya mfalme. M alisema: "Angeweza kukaa kimya. Angekuwa hai." Kiingereza chake kilikwama mara mbili. Mara ya pili T alimsogezea karatasi yake, akaweka kidole kwenye mstari, M akaendelea.

T alichukua kuanzia mauaji. Alikuwa amejizoeza kutamka Mpolo na Okito, na M alikuwa amemsahihisha koridoni mpaka majirani wa makabati wakayajua majina hayo. Kisha akaingia New York, shela nyeusi, ngumi za walinzi. Kwa sharti la tatu alitaja hotuba ya Malcolm X, mwanaharakati Mmarekani Mweusi, ya Juni 1964, alipokuwa akizindua jumuiya yake mpya, ambamo alimpa Lumumba sifa ambazo hakumpa kiongozi mwingine wa Afrika.

Baba yake M alikuwa amekuja na nguo za kazi, anaingia zamu ya usiku. Wakati wa maswali alinyoosha mkono, akazungumza Kiswahili, nikatafsiri. Alimshukuru binti. Alisema wao walikua wakijua kwamba Lumumba aliuawa na dunia ikatazama pembeni. "Hakuna aliyetuambia kwamba kulikuwa na mtu huku alimlilia. Binti yangu, hilo ningelijua zamani." T alijibu kwamba na yeye hakuwa ameambiwa.

Wengine walifanya kazi zinazostahili kutajwa. Wanafunzi watatu walimleta Barbara Johns wa Farmville, Virginia, aliyekuwa na miaka 16 tarehe Aprili 23, 1951. Shule yake ya Moton ilijengwa kwa wanafunzi 180, nao walikuwa zaidi ya 450, wengine wakisoma kwenye vibanda vya mbao na karatasi ya lami. Simu ya uongo ilimtoa mwalimu mkuu shuleni, wanafunzi wakaitwa ukumbini, na Johns akawataka walimu watoke, kisha akawahimiza wenzake wagome. Mmoja wa wale watatu alivua kiatu akagonga meza nacho, kama Johns alivyogonga, akisimulia kwa "yeye" bila kuvunja sharti. Mgomo ule ulizaa kesi iliyounganishwa na ile maarufu ya Brown ya kupinga ubaguzi shuleni, na Mei 17, 1954 Mahakama ya Juu ikaharamisha shule za kibaguzi. Watoto waliuliza maswali mengi kuhusu Johns kuliko kuhusu mtu mwingine yeyote jioni ile, na naamini ni kwa sababu ya umri wake.

Kijana wa Kizungu alimleta Garrett Morgan na Julai 25, 1916, siku alipoingia na ndugu yake kwenye handaki lililolipuka chini ya Ziwa Erie, Cleveland, wamevaa kofia ya kuzuia moshi aliyoibuni mwenyewe, wakatoa watu. Kazi safi, haikuwa na mapambo.

Uchambuzi

Sharti la siku moja ndilo lililowakutanisha T na M. Hakuna mtu mzima aliyewaambia wapatane. Kama mwalimu angeanza na mhadhara juu ya mshikamano wa watu Weusi duniani, T angesikiliza kwa adabu na asibadilike. Alichokiona kwenye gazeti la 1961 alikiona mwenyewe, alipokuwa akilinda kazi yake asipoteze alama. Nasisitiza hili kwa walimu wanaokutana na mzozo wa namna hii kati ya watoto Weusi wa Marekani na watoto wa wahamiaji wa Afrika, kwa sababu nimeuona katika shule zaidi ya moja, na dawa inayotumika mara nyingi ni mkutano wa kuombana radhi. Mtoto anaomba radhi, kisha anarudi kwenye kiti chake na fikra zake zilezile.

Sharti kuwa la wote nalo lilifaa. M hakupewa ruhusa maalumu, kwa hiyo hakuwa na cha kushukuru wala cha kuonewa.

Lakini sharti hilohilo la siku moja liliwaangusha wengine. Msichana mmoja alimchagua Woodson mwenyewe. Alihangaika kutafuta siku. Kazi kubwa ya Woodson ni miaka ya kukaa nyumbani kwake Washington akihariri jarida alilolianzisha 1916, akikusanya barua na hati, akichapisha vitabu ambavyo wachapishaji wengine hawakuvitaka. Hakuna basi wala risasi. Aliishia kuchagua siku ya kutangazwa kwa ile wiki, na maelezo yake yakawa makavu, ingawa alikuwa amesoma kuliko wengi. Sharti linampendelea mtu mwenye tukio. Linamdhulumu mwenye kazi ya polepole, na kwa hesabu yangu hao ndio wengi zaidi. Hata Robert Moses angepotea kwenye sharti hili. Watu wanamkumbuka kwa Mississippi, kuandikisha wapiga kura Weusi huku akipigwa, ila baada ya hapo alifundisha hisabati Same, Kilimanjaro, mpaka 1976, akarudi Marekani kuwafundisha aljebra watoto waliodhaniwa hawaiwezi. Ni siku gani hapo?

Katazo la "mimi ni" sina uhakika nalo kama mwalimu alivyokuwa nao. Lilizuia aibu, na kwa binti wa Sojourner Truth lilizaa kazi bora kuliko ile aliyoikusudia. Ila lilimchukulia mtoto Mweusi na mtoto wa Kizungu kana kwamba wakisimama na kusema "mimi ni Tubman" wanafanya jambo moja. Hawafanyi jambo moja. Mtoto anayemwita Tubman bibi yake ana haki ya sauti ile, na ningependa mlango huo uachwe wazi kwa idhini ya mwalimu.

Mzazi mmoja Mmarekani Mweusi alipiga simu baada ya maonyesho kulalamika kwamba Februari imepanuliwa hadi haina umbo. Mwalimu alimweleza kwamba kati ya wanafunzi 26, wanne ndio waliochagua Waafrika. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi lakini haikumjibu. Alichokuwa akikisema ni kilekile cha T: mwezi ni mfupi. Jibu lake halimo ndani ya Februari. Woodson aliiona wiki yake kama siku za kuonyesha kazi iliyofanywa mwaka mzima, na shule hii, kama nyingine nyingi, imebaki na maonyesho bila kazi ya mwaka. Jumatatu iliyofuata darasa lilirudi kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, na mabango yalikuwa yamebanduliwa.

Kuhusu T na M, sitatia chumvi. Hawakuwa marafiki. Bwaloni kila mmoja anakaa na wake. Kilichobadilika ni kwamba M alianza kunyoosha mkono darasani, na yule kijana aliyecheka hakucheka tena.

Jambo moja liliharibika kabisa. Mwongozo wa kutoa alama ulikuwa na safu ya ufasaha wa kuzungumza, ambayo haikuguswa tulipobadilisha masharti. M alipata alama za juu kwenye utafiti na za chini kwenye safu hiyo, akashuka daraja zima chini ya T kwa kazi waliyoifanya pamoja. Mwalimu alitaka kumwongezea baadaye, M akakataa. Alisema hataki alama za huruma. Safu ya aina hii irekebishwe kabla ya mtoto kusimama: apimwe kwa namna anavyojibu maswali kuhusu utafiti wake, kwa lugha aliyo nayo, mkalimani akiwepo.

Kwa mwaka uliofuata idara ya historia ilikubali mabadiliko mawili. Wanafunzi wachague watu wao Novemba, na kazi zao ziingizwe kwenye sura inayohusika badala ya kusubiri Februari, hivyo Lumumba na maandamano ya New York yakapangiwa kwenye somo la Vita Baridi. Na sharti la kwanza lisomeke "siku moja, au kazi moja iliyochukua miaka". Ombi la kubadilisha safu ya ufasaha lilipelekwa wilayani kwa sababu mwongozo unatumika shule zote, na mpaka naandika haya bado halijajibiwa.